Kabati la Mwalimu Bonifasi

Keki waliitengeneza kwa umbo la pembetatu. Juu ilipakwa krimu nyeupe, na kwenye krimu ziliandikwa herufi tatu nyekundu: V juu peke yake, I na R chini zikiwa zimekaa pamoja kama mume na mke kwenye benchi la kanisa. Mwalimu Bonifasi, ambaye sasa amepita miaka themanini na anatembea kwa fimbo, alishikishwa kisu akaambiwa akate kipande chenye R. Akakikata. Watu wazima wenye wajukuu, wenye suti na viatu vya kung'aa, wakapiga vigelegele kana kwamba mzee amemzalisha ng'ombe aliyeshindikana. Mshereheshaji, Faustini, aliyekuwa akilala darasani mwaka mzima huku mate yakimtoka, alishika kipaza sauti akasema bila mzee huyu Mbulu isingejua umeme ni nini. Nyuma yake lilikuwepo jengo jipya lenye bati la bluu, na juu ya mlango kibao kilichofunikwa kitambaa. Kitambaa kilipovutwa tukasoma jina lake. Maabara ya fizikia, kwa jina la Mwalimu Bonifasi. Nilimsalimia shikamoo kama wenzangu, maana kwetu shikamoo mtu hutoa kama anavyofunga vifungo vya shati, haulizwi moyo wake unasemaje. Akaitikia marahaba bila kunitambua. Nikaenda kukaa kwenye kiti changu, chini ya turubai, nikala pilau yao, na kwa kila kijiko dharau ilinipanda kooni mpaka nikaomba maji.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala baba alilima nini. Mambo hayo yanafanana kwa kila mtu wa kijiji chetu cha Masieda wa rika langu. Nitasimulia mwaka mmoja tu, kidato cha nne, katika shule ileile iliyotukatia keki. Ulikuwa mwaka wa shida ya sukari, sabuni tukiikata kwa uzi ili kila mmoja apate kipande. Chumba walichokiita maabara kilikuwa darasa la kawaida lenye meza ndefu tatu na bomba lisilotoa maji. Kilinuka vumbi la chaki na mkojo wa panya. Ukutani, upande wa dirisha, lilisimama kabati la mbao nyeusi lenye kufuli kubwa, na ufunguo wake Mwalimu Bonifasi aliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya shati, mahali ambapo wengine huvaa msalaba. Tulijua kulikuwa na vifaa ndani kwa sababu wale waliotutangulia waliviona vikishushwa kutoka kwenye gari la wafadhili, kwenye maboksi yaliyofungwa vizuri. Ammita, voltimita, koili za waya, swichi. Tulijua hivyo kama tunavyojua mbinguni kuna malaika. "Vifaa ni vya serikali," alituambia. "Mkivigusa kwa mikono yenu ya ugali vitaharibika, na watakaokuja baada yenu watatumia nini?" Waliokuja baada yetu, nimeambiwa, walijibiwa hivyohivyo.

Umeme alitufundisha kama katekisimu. Alichora pembetatu ubaoni, akaandika herufi zake tatu, kisha akafunika moja kwa kiganja. "Nikifunika R?" Sisi tukaitika: "V gawanya kwa I!" "Nikifunika V?" "I zidisha kwa R!" Baadaye ikaja pembetatu ya pili, ya nguvu, nayo tukaiimba: volti mara ampea, jibu ni wati. Alikuwa na fimbo ya mti wa mforosadi na aliitumia kupiga mapigo ya wimbo kwenye meza, na aliyekosa wimbo alipigwa mapigo hayo mgongoni. Vipimo alituandikia yeye. Volti moja, mkondo nukta mbili. Volti mbili, mkondo nukta nne. Volti tatu, mkondo nukta sita. Ukigawanya, ukinzani wake ulikuwa tano, daima tano, Jumatatu tano na Ijumaa tano, mvua inyeshe au jua liwake. Tulichora grafu, mstari ukanyooka kama uzi wa fundi mwashi, naye akazunguka katikati ya meza akipiga tiki nyekundu, mtu aliyeridhika na kazi yake. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi katika vyuo vya ufundi, na sijawahi kuona waya wenye tabia njema namna ile. Sisi wenyewe tulikuwa na jina la mchezo huo, tukauita kupika data, na tulicheka tulipolitamka, kwa sababu hatukujua kwamba tulikuwa tunajicheka.

Mmoja tu hakucheka. Kwenye daftari la mahudhurio aliitwa Agnes, jina alilopewa na karani siku ya kuandikishwa kwa kuwa jina lake halisi, Udamasi, lilimshinda karani kuliandika. Hakuwa amebatizwa. Alitoka kwenye tambarare za Hanang, kwa Wabarbaig wafugaji, ambao watu wengine huwaita Wamang'ati, na alikuja shuleni na alama za mviringo zilizochanjwa usoni kuzunguka macho, ambazo wenzetu wa mlimani walizitazama kama wanavyotazama kidonda. Alikuwa mrefu, mwenye sauti kubwa, na hakujua kuomba radhi. Mimi nililala kitanda cha chini yake bwenini. Siku moja, katikati ya wimbo wa pembetatu, Mwalimu akiwa ameandika vipimo vyake ubaoni na chini yake "vipimo tulivyopata," Uda alinyoosha mkono.

"Mwalimu, tulipima lini?"

Mwalimu Bonifasi alisimama na chaki hewani. "Unasemaje, Agnes?"

"Umeandika tulivyopata. Nauliza tulipima lini, maana siku hiyo labda niliumwa."

Alimwita mbele. Hakumpiga, kipigo kingekuwa jibu. Alifanya kitu ambacho wanaume wa aina yake hukijua vizuri zaidi, alitazama darasa kisha akatabasamu. "Huyu kwao wanapima maziwa kwa kibuyu," alisema. "Leo anataka kupima umeme." Walicheka wote, Faustini kwa sauti kuliko wote, akiwa ameamshwa na kicheko cha wenzake bila kujua kilichochekwa. Uda alirudi kwenye benchi. "Maziwa ninayajua," aliniambia, wala hakushusha sauti. "Na mtu asiyejua kukamua namjua pia, hata akishika kibuyu vizuri."

Jioni tulikuwa tunakaa jikoni. Shule ilikuwa juu, baridi ya Mbulu ya mwezi wa saba haina huruma, na Mama Theresia, mpishi, mjane mnene mwenye kikohozi, alituruhusu tuote moto baada ya kumsaidia kuchagua maharage. Maharage yale yalikuwa na wadudu wengi kiasi kwamba yeye mwenyewe aliwaita kitoweo. Alitugawia ukoko wa makande kutoka chini ya sufuria, mgumu, wenye ladha ya moshi, na mpaka leo hakuna hoteli iliyonilisha kitu kitamu kama ule. Kati ya jiko na chumba cha walimu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na walimu walipokunywa chai ya saa kumi na moja tulisikia kila neno. Walilalamikia mishahara, waliwasema wake zao. Ndiko tulikosikia kwamba mkaguzi anakuja. Tulisikia sauti ya Mwalimu Bonifasi, isiyo na kicheko kabisa: "Lakini Mkuu, lazima tutoe vifaa? Si ataangalia madaftari tu?" Na Mkuu wa shule akajibu, "Kabati lifunguliwe, Bonifasi. Kwa siku moja halitakufa." Mama Theresia alisonya. "Mwanaume mzima anaogopa kabati," alisema, akatupia kuni jikoni.

Mkaguzi alikuja na gari la serikali lenye vumbi, akapewa chai, akapewa kuku, kisha akaletwa maabara akiwa anachokonoa meno. Kabati lilifunguliwa. Nakumbuka harufu iliyotoka, karatasi mpya na mafuta ya mashine. Kwenye kila meza kuliwekwa betri mbili za tochi, koili moja ya waya, swichi, ammita na voltimita. Mwalimu Bonifasi alisimama mbele akiwa ameingiza mikono mifukoni. Muda wote niliomjua mikono yake haikukaa mifukoni, ilikuwa mikono ya chaki na fimbo. Lakini siku hiyo ilikaa humo kana kwamba imeshonewa. "Unganisheni," alisema. Hakuna aliyejua kuunganisha. Tulitazamana. Mkaguzi alikohoa. Ndipo Uda akavuta vifaa vya meza yetu, akavigeuza, akasoma maandishi madogo yaliyochapwa nyuma ya boksi la ammita, akatazama mchoro wa kitabuni, akatazama tena boksi.

"Huyu anakaa njiani," aliniambia, akishika ammita. "Mkondo unapita ndani yake, kama ng'ombe wanavyopita mlangoni mwa zizi ukiwahesabu. Na huyu mwingine anasimama kando, anashika huku na huku ya koili."

Akaunganisha. Akabonyeza swichi. Sindano ikasogea. Sijui nitaelezaje kwa mtu aliyezaliwa na simu mkononi. Tulikuwa tumeimba habari za mkondo kwa miaka, na sasa sindano nyembamba kama unywele ilikuwa inatuonyesha kwamba kweli kuna kitu kinapita. Nilishika mdomo. Kwa betri mbili volti zilikuwa mbili nukta nane, mkondo nukta sita. Tukatoa betri moja: volti moja nukta nne, mkondo nukta tatu. Tukagawanya. Ukinzani ulikuwa ule ule mara zote mbili, nne na kama nukta saba hivi. Haukuwa tano, wala hakuna mtu aliyekuwa ameupika. Kisha Uda akazidisha kutafuta nguvu, akakunja uso, akazidisha tena. "Tumeondoa nusu ya betri," alisema, "lakini nguvu haijabaki nusu. Imebaki robo." Akanyoosha mkono, akamuuliza Mwalimu kwa nini.

Mwalimu Bonifasi alimtazama kwa muda. Nilidhani wakati ule kwamba ni kiburi. "Hiyo haimo kwenye silabasi," alisema.

Uda akajipiga paji la uso. "Beri!" Hivyo ndivyo alivyofupisha jina langu, Bernadeta. "Kama ng'ombe wangu wamebaki nusu, na kila mmoja anatoa nusu ya maziwa aliyokuwa anatoa, nyumbani nitapata nini? Robo. Volti zimeshuka nusu na mkondo umeshuka nusu. Nusu ya nusu!" Alicheka kwa sauti kubwa mpaka mkaguzi akaja mezani petu akamuuliza tumepata ukinzani kiasi gani. Akamwambia, nne nukta saba. Mwalimu aliyekuwa amemfuata mkaguzi akasema haraka, "Wanakosea, mheshimiwa, ni tano. Huyu binti ana shida ya hesabu." Na mkaguzi, mtu aliyesomeshwa kwa kodi za wazazi wetu, mwenye sindano ya mita mbele ya macho yake, akatikisa kichwa akasema, "Tano, ndiyo. Jitahidi, binti." Akaenda zake. Baadaye kupitia ukuta wa jikoni tulisikia akisifu kuku. Kabati likafungwa siku ileile, na halikufunguliwa tena mpaka mtihani wa mwisho.

Watu huniuliza kwa nini namdharau mtu aliyekuwa maskini kama sisi, aliyefundisha kwa chaki inayokatika, aliyelea watoto wake kwenye nyumba ya bati la kutu. Umaskini wake sina ugomvi nao. Nilifanya kazi na walimu waliofundisha mkondo wa umeme kwa misumari na ndimu, na wanafunzi wao wakaelewa. Yeye alikuwa na vifaa vizima umbali wa hatua chache kutoka mezani petu, na akachagua kutulisha picha ya chakula.

Ukaja mtihani wa vitendo. Asubuhi ile tulikuwa bwaloni, tunakunywa uji usio na sukari, pumzi zetu zikitoka kama moshi, dirisha limejaa ukungu. Mwalimu Bonifasi aliingia akiwa amevaa tai. Shule huarifiwa mapema ni vifaa gani viandaliwe kwa ajili ya mtihani, hivyo yeye alijua kwamba tutapima ukinzani wa koili. Alifunga mlango wa bwalo. "Sikilizeni," alisema, na akatutajia vipimo, kimoja kimoja, taratibu, tukariri. Vilikuwa vilevile. Moja kwa nukta mbili. Mbili kwa nukta nne. "Msihangaike na sindano," alisema. "Sindano zitawachanganya. Muda ni mfupi." Watu walikariri huku wanameza uji, midomo inatembea kama wanaosali rozari. Uda aliweka kikombe chini. "Na kama koili ya leo siyo tano?" aliuliza. Mwalimu alimjibu bila kumtazama: "Agnes, leo usinitafute."

Tulifanya mtihani kwa makundi mawili kwa sababu vifaa havikutosha. Uda alikuwa kundi la kwanza. Mimi niliwekwa na wengine kwenye darasa la jirani, tukingoja, tumekatazwa kutoka. Kwa hiyo kilichotokea mle ndani nimeambiwa na Uda, na baadaye, bila haya, na Faustini. Msimamizi, mwalimu mgeni kutoka shule nyingine, alikuwa ametoka nje kuota jua. Uda aliunganisha vifaa vyake, akapima, akapata ukinzani wa saba na kitu. Wenzake wote walikuwa wamekwishajaza karatasi kabla hata ya kugusa swichi; walikaa mikono imekunjwa, koili zao zimelala mezani kama nyoka waliokufa. Mwalimu Bonifasi alipita, akasoma namba zake.

"Futa," alimwambia.

"Mita inasema hivi."

"Mita ni mbovu. Andika kama wenzako."

"Basi lete nyingine nipime tena, Mwalimu."

Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu mwenyewe, ni nini kilichomtia wazimu. Mwalimu anayeandaa vifaa hutakiwa kuufanya mtihani yeye kwanza na kupeleka vipimo vyake pamoja na karatasi za watahiniwa, ili wasahihishaji wajue jibu la koili za shule ile. Alikuwa amekwishaandika tano. Namba za kweli za msichana mmoja zingetosha kuwafanya wasahihishaji wajiulize. Aliushika waya wa Uda akauvuta. Uda akaushika upande wa pili. Meza ikatikisika, ammita ikaanguka sakafuni, kioo kikapasuka. Mlio ule niliusikia hukohuko nilikokuwa. Kisha nikamsikia Mwalimu Bonifasi akipaza sauti, "Msimamizi! Msimamizi! Huyu anavunja vifaa vya serikali!" Nilisimama dirishani. Nikamwona Uda anatolewa nje, kati ya wanaume wawili, shingo imenyooka, mkono mmoja bado umeshika kipande cha waya mwekundu.

Zamu yetu ilipofika msimamizi hakutoka tena, alikaa ndani akiwa amekasirika. Nilipima. Nilipata saba na kitu, nikaandika saba na kitu. Mchana huohuo mimi na Uda tulikwenda ofisini kwa Mkuu wa shule. Kilikuwa chumba kidogo chenye picha ya rais na jiko la mafuta ya taa, na Mkuu alikuwa anakula ndizi za kuchoma. Nilimweleza yote, uji, vipimo, waya. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Akapangusa vidole.

"Bernadeta," alisema, "shule hii haijawahi kufelisha fizikia tangu Bonifasi aje. Unaelewa?"

"Lakini hajavunja, Mkuu. Mwalimu ndiye aliyevuta."

"Nimekuuliza unaelewa?"

Uda ndiye aliyejibu. "Tumeelewa," alisema. "Wewe ulikuwa unajua." Akageuka akatoka bila kuomba ruhusa. Siku mbili tatu baadaye alipanda lori la ng'ombe lililokuwa linateremka kuelekea Hanang, amekaa juu ya sanduku lake la bati, na hakupunga mkono. Matokeo yalipotoka, mbele ya jina la Agnes, kwenye fizikia, palikuwa patupu. Hakuchaguliwa popote. Faustini na wenzake walipata alama za juu. Mimi, niliyepima, nilipata ya katikati, ikanitosha kwenda kidato cha tano. Na Mwalimu Bonifasi, kwa matokeo mazuri, akapandishwa kuwa mwalimu wa taaluma.

Sasa turudi kwenye keki. Baada ya hotuba, Faustini alitangaza kwamba mimi, "binti wa Mwalimu katika fizikia," nitamtembeza mzee ndani ya maabara mpya. Walidhani wananiheshimu. Nilimshika mzee mkono tukaingia, mlango ukajifunga nyuma yetu, kelele za muziki zikabaki nje. Vifaa vilikuwa vimepangwa mezani, vya kisasa, mita zenye namba za kusoma badala ya sindano. Nami nilifanya nilichokuwa nimekipanga tangu nipate mwaliko. Nilichukua mita, nikachukua betri na koili, nikamwekea mbele yake.

"Mwalimu, tupimie mkondo," nilisema. "Kwa kumbukumbu."

Alicheka. Nilimngoja. Aliacha kucheka. Alishika waya mwekundu, akaushikisha upande mmoja wa betri, akauacha. Kisha akaivuta mikono yote miwili akaiingiza mifukoni mwa koti, na mimi nikaiona tena siku ile ya mkaguzi, wazi kama mchana.

"Mimi sijui kuitumia hiyo," alisema.

"Hii mpya?"

"Zote." Akatafuta kiti, akakaa. "Chuoni ilikuwepo moja. Mkufunzi aliishika yeye, sisi tukatazama. Nilipofika hapa, wiki ya kwanza, nilijifungia nijaribu peke yangu, kwa betri ya gari. Sindano iliruka ikagonga mwisho, moshi ukatoka. Nikairudisha kwenye boksi. Sikuzigusa tena." Akanitazama kwa mara ya kwanza kama anayenitambua. "Ninyi mlikuwa wawili. Wewe na yule Mmang'ati."

"Udamasi," nilisema.

"Yule. Nilikuwa namwogopa yule." Alisikiliza muziki wa nje kidogo. "Usiwaambie, binti yangu."

Nilikuwa nimebeba kwa miaka yote picha ya mtu mchoyo, aliyekalia maarifa kama fisi anavyokalia mzoga. Kumbe hakukuwa na mzoga. Sikumwahidi kitu. Nilimfungulia mlango, wakampokea kwa nyimbo, nami nikaenda kulala nyumba ya wageni. Kama nilitegemea huruma ije, haikuja. Kutojua siyo kosa. Mimi mwenyewe nilianza kazi nikiwa sijui nusu ya niliyofundisha. Angesema asubuhi moja tu, "Jamani, hii siijui, tusome wote hiki kitabu." Badala yake alivaa ufunguo shingoni miaka yote hiyo, na msichana akarudishwa kwenye lori la ng'ombe ili yeye asionekane.

Kesho yake asubuhi, nikiwa stendi nangoja basi, nilimpigia Uda. Anaishi karibu na Gitting, kulekule Hanang, analima ngano na kufuga, ana wajukuu wanaomwogopa na wanamgambo wa kijiji wanaomwogopa zaidi. Tumeongea mara chache tu katika miaka hii. Alikuwa amealikwa kwenye sherehe, akamjibu Faustini kwamba siku hiyo atakuwa anaogesha mbuzi. Nilimsimulia yote, nusu nikipiga kelele kwa sababu ya honi za mabasi: kibao, keki, mikono mifukoni, moshi wa betri ya gari. Nilimwambia kwamba hakujua. Kwamba hakuwahi kujua.

Alicheka. Alicheka kicheko chake kilekile kikubwa, mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio, na utingo mmoja akageuka kunitazama. Halafu kikakatika. Nilisikia mbuzi, na mtoto akiita bibi, na upepo.

"Uda? Upo?"

"Nipo." Akamwambia mtoto angoje. "Ningemwonyesha, Beri," alisema. "Angeniita tu pembeni. Ningemwonyesha, na nisingemwambia mtu."